Baba Amekwenda Kufundisha

Ilikuwa Jumamosi, sisi Wasabato tumetoka kanisani, tumekaa sebuleni kwetu Rusinga kwenye viti vyenye vitambaa ambavyo mama huvifua hata kama hakuna aliyevikalia. Baba alikuwa na kikombe cha uji mkononi. Akakohoa kidogo, kwa namna ile aliyokuwa akikohoa mbele ya darasa kabla ya kutangaza mtihani, kisha akasema kwamba yeye hataki kuzikwa. Akifa, mwili wake upelekwe chuo cha udaktari, wanafunzi waupasue na kuusomea.

Nilimtazama nikingoja acheke. Hakucheka. Mama alikuwa amesimama na sufuria, naye akabaki amesimama nayo. Baba mdogo, yaani ndugu yake baba ambaye boma lake limepakana na letu, aliweka kikombe chake chini taratibu sana, halafu akanigeukia mimi. Hakumgeukia baba aliyesema. Mimi.

"Hii ni China," alisema. "Hii umeileta wewe."

Nilitaka kumjibu, maana mimi si mtu wa kusingiziwa akanyamaza, lakini nilijua kwa nini anasema hivyo. Baba mdogo hakuwa amekosea sana.

Udaktari niliusomea China, katika mji wa kusini ambao watu wa kwetu hawawezi kulitamka jina lake na mimi sijisumbui kuwafundisha. Niliporudi na kuajiriwa katika hospitali moja ya Migori, wenzangu waliosomea hapa nchini walinipokea kwa utani. Kitu cha Mchina huharibika mapema, walisema; je, daktari huyu ana waranti? Mgonjwa wangu akipona, waliuliza kama ugonjwa wenyewe ulikuwa feki. Mara ya kwanza nilicheka, na ya pili pia. Baada ya hapo nikaanza kujibu, na mimi nikijibu hata walio nje getini husikia.

Lakini kulikuwa na swali moja walilouliza bila utani: kule ulifundishwa nini ambacho hapa hakipo? Dawa ni zile zile, mifupa ni ile ile. Nilikuwa nawaambia kwamba nilifundishwa kuinama. Daktari mmoja kijana, aliyekuwa bado chini ya uangalizi wetu, alinitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu. "Daki, wacha jokes," alisema. "Kuinama inatibu nani?"

Basi nikawa nawasimulia, kama nilivyowahi kumsimulia baba.

Mshtuko wangu wa kwanza China ulinipata kabla sijazoea hata chakula. Profesa wetu wa somo la mwili wa binadamu, mzee mwembamba aliyefunga vifungo vyote vya shati mpaka shingoni, alichora mkono ubaoni na kupitisha mshipa mmoja wa fahamu mahali ambapo haupiti. Mimi nilikuwa nimesoma usiku kucha. Nikanyoosha mkono nikasema, "Profesa, hapo umekosea." Darasa zima liligeuka barafu. Mzee alinitazama, akasema asante, akaendelea.

Baada ya kipindi, dada mmoja Mchina wa mwaka wa juu alinivuta pembeni huku akitetemeka kama mimi ndiye niliyemtukana mama yake. Mwalimu akikosea, alinieleza, unamfuata baadaye mkiwa wawili tu, na unakwenda na swali, huendi na sahihisho. Mwalimu ni mzazi. Mzazi humvui nguo mbele ya watoto wake. Nilimuuliza, mgonjwa akifa kwa sababu ya adabu hizo, adabu zitamfufua? Nilikwenda kulala nimevimba kwa hasira.

Kesho yake profesa aliingia, akafuta kwa mkono wake mchoro wa jana uliokuwa bado ubaoni, akauchora upya kwa usahihi, akaeleza alikokosea. Kisha akageuka upande niliokaa, akainamisha kichwa kidogo, kwangu mimi, mtoto wa juzi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Angenikaripia ningejua la kufanya, kwa sababu kukaripiwa nimezoea.

Watu walisema mambo hayo yametoka kwa Konfusio, mwalimu wao wa kale sana, lakini hakuna aliyetufundisha Konfusio kama somo. Tulimwona tu katika nani anakaa kwanza, nani anatembea nyuma ya nani wodini, na karatasi inapokewaje kwa mikono miwili. Mwanafunzi wa mwaka wa chini alimwita wa mwaka wa juu kaka au dada, na kaka huyo akikufundisha kushona kidonda alikusimamia mpaka mkono wako ukatulia, kwa sababu aibu yako ilikuwa yake. Nilipomweleza mama kwa simu, aliguna. "Sasa nauli yote hiyo," alisema, "mmekwenda kufundishwa heshima? Si hata hapa asiyesikia la mkuu huvunjika guu?"

Mshtuko wa pili ulinipata siku tuliyoingizwa kwenye chumba cha kupasulia maiti.

Nilikuwa nimejiandaa kwa harufu, na nilikuwa nimejiandaa kutotapika. Nilichokuta ni maua. Mwili ulikuwa mezani umefunikwa shuka jeupe, na kando ya kichwa palikuwa na maua ya njano. Profesa alituambia tusimame tukiwa tumenyooka, kisha tuiname mara tatu. Akasema huyu ndiye mwalimu wenu mpya, na mtamwita Mwalimu. Alikuwa fundi wa saa. Alilelewa kama sisi sote, profesa alisema, akiambiwa kwamba mwili ni amana ya wazazi, na mtoto mwema huirudisha amana ikiwa nzima, haipunguzi hata kidogo. Kwa sababu hiyo watu wa kwao kwa vizazi vingi hawakutaka kusikia habari ya kutoa mwili. Huyu amevunja sheria aliyolelewa nayo ili nyinyi msijifunzie makosa yenu kwa wagonjwa.

Mwanafunzi mmoja mgeni kama mimi alicheka. Kilikuwa kicheko cha woga, kile kinachomtoka mtu msibani bila ruhusa. Profesa hakupaza sauti. Alimwita, akamsimamisha karibu na kile kichwa kilichofunikwa, akamwambia amwombe Mwalimu msamaha, kwa sauti, mbele yetu sote. Yule kijana alifungua mdomo akafunga, akafungua tena, kisha akalia kama mtoto.

Mwaka mzima tulimwita Mwalimu. Tuliomba ruhusa kabla ya kuanza na tulishukuru tulipomaliza. Mwisho wa masomo yale, binti yake alikuja. Mama wa makamo, na mfuko wa sokoni umejaa machungwa. Tulipangwa mstari. Alituangalia mmoja mmoja, akauliza, na dada yule wa mwaka wa juu akatutafsiria: "Alifundisha vizuri?"

Tuliinama tu. Akampa kila mmoja wetu chungwa, kwa mikono miwili.

Kisa hicho baba alinitaka nikisimulie sijui mara ngapi. Nikija nyumbani kwa likizo, hata kabla sijavua viatu, ataanza: ehe, na yule fundi wa saa? Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote, na kijiji kizima kilimwita Japuonj, ambalo kwa Kijaluo ndilo hilo hilo, mwalimu. Hata mama alimwita hivyo. Alipostaafu alibaki na redio na shamba dogo la mahindi, na mahindi hayana swali la kumuuliza mtu. Aliwahi kuniuliza, "Kwa hiyo mtu yule aliendelea kufundisha akiwa amekufa?" Nami nikamjibu ndiyo, tena kwa majivuno, kama fundi wa saa alikuwa wangu.

Sasa rudi nami pale sebuleni. Tulikuwa tukisema Kijaluo, nami nakiandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Una boma," baba mdogo alimwambia baba. "Mwenye boma hulala bomani mwake. Mahali pako ni pale nje, mkono wa kulia wa nyumba, hata mtoto anajua. Wewe ukienda huko kukatwakatwa, sisi tutazika nini?"

"Mtazika yago," baba alisema.

Yago ni tunda la mwegea, refu na zito kama mkono wa mwanamume. Kwetu, mtu akizama ziwani na mwili usipatikane, huzikwa tunda hilo badala yake, na kilio hukamilika. Ni jambo la uchungu mkubwa, linatajwa kwa sauti ya chini. Baba alilitaja kama anayeagiza sukari dukani.

Baba mdogo alisimama. "Yago ni ya mtu aliyemezwa na ziwa! Wewe nani amekumeza? Tukuzikie tunda huku tunajua uko kwenye meza gani? Na siku ya ufufuo utaamka na nini?"

"Mungu atawafufua walioliwa na mamba," baba alisema. "Mimi ndiye nitakayemshinda?"

Nilicheka. Sikukusudia, lakini nilicheka, kisha nikaona macho ya mama, nikanyamaza hapo hapo. Mama aliweka sufuria chini. Aliuliza jambo moja tu, bila kumtazama yeyote.

"Na mimi," alisema, "nitalia wapi?"

Baba alikunywa uji wake. Japuonj, mtu aliyekuwa na jibu la kila swali, akanywa uji mpaka ukaisha.

Kwa kuwa mimi ni mtoto wao wa pekee, ilibidi niwe shahidi wa hati yake ya kuutoa mwili. Hapo ndipo nilipojishangaa. Mimi niliyeinama mbele ya fundi wa saa, mimi niliyewahubiria madaktari wa Migori, nilimwambia baba sitaki. Nilijua kila kitakachofanyika. Najua msumeno unapitishwa wapi kufungua fuvu. Hakuna adabu inayokufanya usahau hilo.

Baba hakukasirika. "Kule kwa wenzako," aliniuliza, "mtoto mwema ni yupi?"

"Anayemtii mzazi."

"Basi."

Alikuwa amenikamata vizuri, kwa mikono yangu mwenyewe. Mtoto mwema humtii mzazi, na mtoto mwema humrudisha mzazi ardhini akiwa mzima. Mafundisho ni yale yale na kinywa ni kile kile, na mimi nifanye nini? Tukaenda Homa Bay mjini kwa wakili. Nilitia sahihi. Baadaye baba alininunulia samaki, ngege wa kukaanga, karibu na ziwa, akala wa kwake mpaka kichwa, akanyonya mifupa, huku mimi nikimtazama vidole vyake vikifanya kazi.

Kifo chake kilikuja kwa kiharusi. Siku hiyo nilikuwa Migori nikimshona mchimba dhahabu wa Macalder aliyepondwa mkono na jiwe. Simu iliita, muuguzi akaniwekea sikioni, nikasikia sauti ya mama ikisema Japuonj ameanguka. Nilimaliza kushona. Sijui nilimaliza vipi. Nilipofika hospitali ya Homa Bay alikuwa ameshakufa, uso wake umepinda kidogo upande mmoja kama mtu aliyesikia jibu la kijinga.

Niliwapigia wa chuo. Nilikosea namba, nikaipiga tena. Walisema gari linakuja.

Baba mdogo alisimama mlangoni mwa chumba cha maiti na mikono ameitanda. "Huyu haondoki hapa isipokuwa kwenda Rusinga," alisema, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyafuta. "Sheria zenu peleka kwa wazungu. Peleka kwa Wachina. Mimi ni damu yake."

Nilikuwa na hati mfukoni. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu vibaya, na namshukuru Mungu mama aliingia wakati huo. Nilijua atasimama upande wa shemeji yake. Hata yeye baba mdogo alijua, maana alimpisha nafasi mlangoni wasimame wawili.

Mama alibaki alipokuwa. "Mwacheni aende anakotaka," alisema. "Nilimsikiliza akiwa na uwezo wa kunijibu. Sitamkaidi leo kwa kuwa amenyamaza."

Baba mdogo alishusha mikono. Nami nilibaki nimetoa macho, kwa sababu kwa muda wote ule nilikuwa nimewaza nitakavyoshindana nao, sikuwa nimewaza nitafanya nini nikishinda. Gari la chuo lilikuja, likamchukua.

Tukazika yago. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyelitafuta na kulifunga kwa shuka, akalishusha kaburini mkono wa kulia wa nyumba, bila kumtazama mtu. Mchungaji wetu aliomba kwa ufupi akiwa amefumba macho kwa nguvu. Watu walikuja wengi, wanafunzi wa zamani wengine wana mvi, lakini kilio hakikushika. Kilianza kikafa, kikaanza tena kikafa. Walilia wakimtazama mama, na mama hakulia.

Hakulia siku ile, wala wiki ile, wala baadaye. Wanawake walipokuja kumpa pole walimkuta anapika. "Japuonj yuko kazini," aliwaambia. "Amekwenda kufundisha." Walitazamana. Shati lake la kanisani aliendelea kulipiga pasi na kulitundika. Kiti chake hakuna aliyekikalia. Wengine walisema ana moyo wa jiwe, wengine walisema neno baya zaidi, na mimi nilipolisikia hilo la pili sokoni Mbita nilisema maneno ambayo mzee wa kanisa alinifuata nyumbani kuyazungumzia.

Lakini mimi ni daktari, na niliogopa. Nilikuwa nikija kila nipatapo ruhusa kuangalia kama anakula, kama analala. Anakula, analala. Siku moja nikiwa namsaidia kupepeta omena, wale dagaa wa ziwani, aliniuliza bila kuinua macho.

"Wale wanafunzi wanamsikiza?"

Niliendelea kupepeta. "Wanamsikiza, Mama."

Sikujua kama wanamsikiza. Nikaona sina budi kwenda kujua.

Chuoni nilipokewa na mhadhiri mmoja mpole, aliyechoka. Nilimuuliza kama wanafunzi huinama. Alinitazama kwa huruma. "Daktari, hapa si China. Tunaomba dua siku ya kwanza, tunawaonya wawe na heshima, kisha tunaanza. Wanafunzi ni wengi, wakati ni mchache." Nilimuuliza miili mingine imetoka wapi. Akasema mingi ni ya watu waliokosa wa kuwachukua. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu zamani, kama kila daktari anavyolijua, ila siku hiyo lilinigonga kifuani: watu ambao hakuna aliyewauliza walikuwa wamelala huko pamoja na mtu aliyejitolea, na wanafunzi hawakuwa na njia ya kuwatofautisha.

Tulikuwa tunapita kwenye korido niliposikia kicheko. Kilikuwa kicheko kirefu, cha wengi, na chini yake muziki wa simu. Kilitoka nyuma ya mlango ambao sikuhitaji kuuliza ni wa chumba gani.

Mhadhiri aliniita. Sikusimama. Nilisukuma mlango nikaingia, na harufu ile ninayoijua ikanipiga usoni. Vijana waligeuka, glavu zimelowa, mmoja bado ana tabasamu mdomoni. Meza zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia.

"Mmoja wa hawa ni baba yangu," nilisema. "Sijui ni yupi. Msinionyeshe."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Sikuwa nimepanga kusema lolote. Muziki ulizimwa. Msichana aliyekuwa karibu nami aliacha kifaa kikaanguka sakafuni, akavua glavu moja, akashindwa kuvua ya pili, akabaki ameushikilia mkono wake kama umeungua. Nilitoka nikatapika nje kando ya mabomba, mimi ambaye mwaka mzima kule China sikutapika hata siku moja. Mhadhiri alinigombeza, na alikuwa na haki.

Mama sikumwambia. Aliponiuliza tena kama wanamsikiza, nilimwambia ndiyo, na safari hii nadhani haukuwa uongo.

Kisha simu ikaja. Nilikuwa wodini Migori kando ya kitanda cha bibi mmoja wa Kegonga. Sauti ya yule mhadhiri ilisema, kwa adabu zote, "Daktari, tumemaliza. Mnaweza kuja kumchukua."

Nilikaa kitandani kwa mgonjwa bila kuomba nafasi. Wakili alikuwa ametusomea kwamba masalia yatarudishwa kwa jamaa. Niliyasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia tangazo la redio ya jirani, nikaamini watamzika huko huko na wale wengine. Yule bibi alinishika mkono, akaniuliza kwa Kikuria, na sikuhitaji mkalimani kujua anauliza kama nimefiwa. Sikujua nimjibu ndiyo au hapana.

Niliogopa kumwambia mama, nikampigia baba mdogo kwanza. Kwetu kaburi halifunguliwi ovyo. Watu huamini likifunguliwa litataka mtu mwingine. Na baba alikuwa ameshazikwa, wali tumeshakula, viti vya kukodi vimesharudi kwa wenyewe. Nilimweleza yote haraka haraka ili asipate nafasi ya kunifokea.

"Kaburi lile halijawahi kupata mtu," alisema baba mdogo. "Lina deni gani la kudai?" Kisha akasema, "Mlete ndugu yangu."

Nilipofika na gari asubuhi alikuwa ameshachimba, peke yake, ametota jasho, tunda lile lililooza amelitia kwenye gunia pembeni. Hakutaka kusaidiwa. Tulifungua mlango wa gari, akashika jeneza upande wake kwa kujikaza, kama mtu anayejua uzito wa kaka yake. Likainuka kirahisi mno. Akapepesuka nyuma hatua nzima, karibu aanguke.

"Wamemfanya nini?" aliniuliza. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Wewe, wamemfanya nini?"

Nililijua jibu kwa Kiingereza, kwa Kichina na kwa Kilatini, si kwa Kijaluo.

Mama alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye leso. Hatukuwa tumemwita. Alilitazama jeneza, akalitazama kaburi lililo wazi, akanitazama mimi.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, Mama. Amemaliza."

Aliweka kiganja juu ya ubao. Alikiacha hapo kitambo, akalisukuma jeneza kidogo, kama mtu anayemwamsha aliyelala, nalo likasogea kwa sababu lilikuwa jepesi. Ndipo alipopiga nduru. Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwa mama yangu. Alijitupa chini akashika udongo, akamwita baba kwa jina alilopewa na mama yake, jina ambalo mimi nilikuwa sijawahi kulisikia mdomoni mwake, akalia mpaka kuku wakakimbia na baba mdogo akakaa chini kando ya shimo akafunika uso.

Wanawake waliokuwa wakianika omena ufukweni waliacha nyavu wakaja mbio, leso zimelegea, wengine wameanza kupiga nduru njiani hata kabla ya kujua. Walifika wakihema. Wote walikuwa wamekwisha kula matanga ya nyumba hii.

"Ni nani?" waliniuliza. "Yawa, ni nani amekufa?"

Mimi na baba mdogo tulitazamana. Mama aliinua kichwa kutoka kwenye udongo.

"Mume wangu," alisema. "Mume wangu amekufa."